Fundi wa Vitako na Shavu la Baba

Mji wa Mugumu una watu wa namna mbili: wanaomjua Fundi na wanaomsubiri. Mimi nilikuwa wa namna ya kwanza kwa miaka kumi na minne, kwa sababu duka langu la misumari, rangi na mabati lilishikana ukuta na karakana yake. Kisha nikahamia kundi la pili, na huko ndiko nilikomfahamu vizuri. Alikozaliwa sijui, ukoo wake aliutaja alipogombana tu, nami sitauhangaikia hapa.

Kazi yake ilikuwa vitako vya bunduki za kuwinda, yaani ile mbao ambayo mwenye bunduki huiegemeza begani na kuilalia shavu anapolenga. Usishangae kwamba mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo, maana hakuishi kwayo. Aliishi kwa vitanda, stuli na majeneza ya dharura. Vitako ilikuwa ndiyo kazi aliyoiheshimu. Wenye bunduki zenye leseni huku kwetu Serengeti na kule Tarime ni wachache, wamezeeka, na bunduki zao zimezeeka pamoja nao. Mbao imenyeshewa, imekunywa jasho na damu ya nyati mpaka imekuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Mtu akitaka irudi kuwa mbao, anampelekea Fundi.

Chuma hakukitaka kabisa. "Mimi napokea mbao tu," alimwambia kila mteja. "Mtutu ubaki kwako. Sitaki kulala nyumba moja na kifo cha mtu." Kwa hiyo wateja walifungua skrubu, wakaacha vyuma kabatini, wakaja na kitako kimeviringishwa kwenye khanga. Yeye alivitundika ukutani kwa mstari. Siku moja askari wawili wageni mjini, baada ya kunong'onezwa na raia mwema kwamba kuna mzee anaficha bunduki saba, waliingia karakanani kwa kishindo kinachostahili bunduki saba. Walikuta mbao saba. Mmoja akauliza mitutu iko wapi. Fundi akamtazama kwa huruma nyingi.

"Afande, umekosea mlango. Mimi ni fundi seremala. Ukitaka jeneza nitakupimia sasa hivi."

Waliondoka wakijipangusa vumbi la mbao. Raia mwema mwenyewe simtaji, kwa kuwa bado ananunua saruji kwangu.

Kitako cha baba yangu kilikuwa cha nane pale ukutani. Baba aliishi Machochwe, karibu kabisa na mpaka wa hifadhi, mahali ambapo tembo haulizi mahindi ni ya nani. Miaka mingi aliwinda kwa kibali, na miaka mingine yote alipiga risasi hewani usiku kuwaomba tembo waende wakale kwa wengine. Halafu macho yakaingia ukungu, moyo ukaanza kusuasua, na kituo cha polisi kikamwambia leseni haitahuishwa tena; airudishe bunduki. Baba hakubisha. Baba yangu kutokubisha jambo kuliniogopesha kuliko ugonjwa wenyewe.

Aliomba kitu kimoja tu. "Siwezi kuirudisha ikiwa chafu hivi, watasema sikulelewa. Mpe huyo fundi wako aisafishe. Ila pale pangu asipaguse."

Pale pake palikuwa kibonde kidogo kilichochimbwa na shavu lake kwa zaidi ya miaka arobaini. Hakukichonga mtu. Kililika chenyewe, taratibu, kwa kulaliwa. Basi chuma kikatangulia kituoni, mbao ikaenda kwa Fundi, na afande wa ghala la silaha akaniambia kwamba kwa utaratibu bunduki hupokelewa kamili, hivyo atasubiri, ila asisubirishwe mpaka astaafu. Nilichotaka mimi ni kwamba baba aishike mara ya mwisho, ikiwa safi na pale pake pakiwapo, kabla haijaondoka na kabla yeye mwenyewe hajaondoka.

Nilipomuuliza Fundi itakuwa tayari lini, aliniambia, "Jumanne."

Nilipaswa kujua. Kwa miaka kumi na minne nilimsikia kupitia ukutani akiwaambia watu Jumanne, na hakuwahi hata mara moja kutaja Jumanne ya mwezi gani. Kuna bwana harusi aliyeahidiwa kitanda Jumanne, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwenye godoro la chini. Fundi alipoambiwa habari hiyo alisema, "Mnaona? Kumbe kitanda hakikuwa na haraka."

Msasa alinunua kwangu, na kila mara aliununua kwa matusi. Aliupitisha kwenye ukucha, akaunusa, akaniuliza kama ninauza na mchanga wenyewe au ni karatasi tu. Kwa kazi ya mwisho hakuutumia. Alikuwa na majani makavu ya mti wa msasa, yale yanayokwaruza, aliyoyaleta mwenyewe kutoka mtoni, na alisugua nayo kitako polepole kwa siku nyingi huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo Mungu pekee anaweza kuivumilia. Uchafu wa zamani aliuparua kwa kipande cha kioo kilichovunjika. Mwishoni alipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta, akasugua kwa kiganja mpaka mbao ikapata joto. Vanishi hakutaka hata kuisikia, nami nilikuwa na makopo sitini ya kuuza.

Kuna tajiri mmoja alikuja toka Kerende, kwenye machimbo ya dhahabu. Ardhi ya kule ilikuwa imemtendea wema, na alitaka kila mtu aone wema huo. Kitako chake hakikuwa na kasoro yoyote, ila alitaka king'ae "mpaka mnyama ajione sura," na kwenye ncha kipakwe rangi ya dhahabu. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, kwa Kikurya cha kumwita kijana, "Mura, wewe huhitaji fundi. Unahitaji kioo." Akamrudishia mbao yake ndani ya khanga. Nilitoka dukani mbio nikamuuzia yule bwana vanishi makopo mawili na brashi. Fundi hakunisemesha siku tatu, na nilizifurahia.

Sasa sikia kichekesho. Mtu huyu aliyewafundisha wawindaji namna ya kushika bunduki, aliyewasahihisha askari wa wanyamapori jinsi bega linavyopokea teke la risasi, hakuwahi kufyatua hata risasi moja maishani. Aliogopa mlio. Mkesha wa mwaka mpya vijana walipolipua baruti, alijifungia stoo na pamba masikioni. Nyama ya porini hakula. Alisema ina macho. Nilimuuliza siku moja amejuaje hayo yote ya kulenga.

"Mbao huniambia. Wenye bunduki ni waongo, wote waliua nyati akiwa anawakimbilia. Mbao haina sababu ya kudanganya."

Na kukosea hakukosea. Mlango ukipinda, mvua ilikuwa nyingi. Stuli ikiyumba, sakafu ya mteja haikuwa sawa. Jeneza likiwa fupi, marehemu alirefuka. Hilo la marehemu alilisema msibani, mbele ya wafiwa, na nusura litafutwe jeneza lingine.

Lakini lilipofika suala la mahali palipolika, ninampa haki yake, alikuwa mwangalifu kuliko daktari. "Paliposhikwa na mtu miaka yote hiyo si pabovu," aliwaambia waliotaka kila kitu kiwe kipya. "Pafute, uone kama utaijua bunduki yako gizani." Kabla hajagusa kitako, alifunga kitambaa upande wa kushoto, ambako shavu la mwenyewe hukaa, na hapo kioo wala msasa haukupita. Upande wa kushoto daima, kwa kuwa watu hulenga kwa bega la kulia. Upande wa kulia, ukikuta shimo, ni jeraha. Bunduki iligongwa na jiwe, au ilisuguliwa na keria ya baiskeli. Jeraha hutibiwa.

Baba yangu alitumia shoto.

Nyumbani kwetu jambo hilo halikusemwa. Mtoto wa Kikurya wa zamani zile akinyoosha mkono wa kushoto kwenye chakula, mkono huo ulifungwa kwa kamba mpaka ukasahau. Wa baba ulifungwa. Akajifunza kula kwa kulia, kusalimia kwa kulia, kupokea kwa kulia, na akawa mzee wa baraza ambaye hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Ila porini, ambako hakuna wa kumuona isipokuwa swala, aliweka bunduki bega la kushoto kama alivyoumbwa. Sisi watoto tulijua. Tulijua pia kwamba hatujui. Kumwambia mtu wa nje kwamba mzee wako ni mashoto ni kumvua nguo. Basi nilipompa Fundi kile kitako nikamwambia neno kwa neno, "Baba anasema pale pake usipaguse," na Fundi akajibu, "Nifundishe kazi," na mimi nikafunga mdomo kwa heshima zangu zote.

Mwezi wa tano afande alinitumia ujumbe wa simu. Wa sita alinipigia. Baba naye alianza kuvimba miguu. Nikaacha ustaarabu. Nilisimama mlangoni kwa Fundi asubuhi na jioni, nikamwambia kwamba mzee wa watu anakufa yeye akiimba nyimbo, kwamba kama hawezi aseme nimpelekee fundi mwingine Tarime mwenye mashine. Hilo la mashine lilimchoma. Alifunga kitambaa chake upande wa kushoto akafanya kazi usiku na mchana, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Mugumu, Jumanne ikafika siku ya Jumanne.

Kusema kweli kitako kilikuwa kizuri mno. Weusi wote uliondoka, mishipa ya mbao ikaonekana, rangi kama chai ya maziwa iliyokolea. Aligeuza upande wa kulia akanionyesha kwa kidole. "Hapa palikuwa na jeraha kubwa. Nilipachimba pakawa sawa, nikatia kiraka cha mninga. Tafuta mshono." Nilitafuta sikuuona. Nikapapasa. Palikuwa laini na bapa kama meza. Nilijua pale pale. Hata hivyo nilishukuru, nikakiviringisha kitako kwenye khanga, nikaenda nacho Machochwe huku nikijidanganya kwamba labda macho mabovu ya baba yatatusaidia.

Macho hayakuhusika. Baba alikaa kitandani, akatazama kama mlango umefungwa, akakiweka begani kushoto, akalaza shavu. Alikaa hivyo muda mrefu. Akakigeuza, akajaribu tena. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

Nilirudi Mugumu nikamwambia Fundi yote, na nilimwambia kwa ukali, kwa sababu nusu ya kosa ilikuwa yangu na ukali ulikuwa mahali pazuri pa kuificha. Alianza na mambo yake. Msasa wangu haukuwa mzuri. Mwanga wa mwezi wa sita si wa kuaminika. Halafu alikaa juu ya gogo la kukatia mbao, akauliza, "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Fundi."

"Ukaona aibu."

"Nikaona aibu."

"Aibu zenu hizi," akasema, "zitatumaliza."

Kesho yake karakana haikufunguliwa. Alikuwa amepanda bodaboda alfajiri kwenda Machochwe, mzee wa miaka karibu sabini, na kitako kimefungwa mgongoni kwa shuka. Mimi nilifunga duka nikamfuata. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba cha baba, kofia mkononi, na nilisikia kwa masikio yangu neno ambalo mji mzima ungelipa kiingilio kulisikia.

"Nimekosea, tata. Nimekufuta."

Baba alimtazama. "Wengi wamenifuta, mura. Wewe ndiye wa kwanza kuja kusema. Kaa."

Fundi hakukaa. Alikuwa ameshachimba kibonde kwa makisio kwenye kiraka cha mninga. Akatoa kikopo cha masizi yaliyochanganywa na mafuta, akapaka pale. "Niegemezee shavu. Lile unalolengea. Mlango nimefunga." Baba akasita. Miaka themanini na kitu, na bado alisita. Kisha akaweka mbao bega la kushoto mbele ya mtu mzima mgeni, akalaza uso, akashika mtutu usiokuwapo, na kidole kikatafuta kifyatulio hewani. Alipoinua kichwa, shavu lilikuwa jeusi. Fundi alitazama kwenye mbao ni wapi masizi yametoka na wapi yamebaki, akaparua kidogo kwa kioo, akapaka tena. Walifanya hivyo asubuhi nzima. Baba alicheka alipojiona kwenye kioo changu cha mkoba, akasema sasa hata tembo hawamtambui. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua za masika.

Fundi alikwenda mara tatu, na kila mara alilalamika njia nzima juu ya mashimo ya barabara. Mara ya tatu baba alisema, "Bado kidogo. Hapa juu ya taya pananikwaruza." Fundi akaweka alama ya penseli. "Hapa nitapamaliza Jumanne," akasema, nami nilitaka kumrushia kikombe.

Baba alifariki Jumatatu.

Msibani Fundi alifika na kile kitako kimeviringishwa kwenye shuka nyeupe, akiwa amekikumbatia kifuani. Mchungaji alidhani ni msalaba wa kaburi, akamsogeza mbele karibu na familia na kumtambulisha kwa waombolezaji kama ndugu aliyekuja na msalaba. Fundi, kwa mara ya pili katika mwaka huo, hakubisha. Alikaa nasi mbele mpaka tulipomaliza kuzika, bila kulia na bila kuimba, na hilo la kutoimba lilitusaidia wote.

Baada ya hapo alikaa na ile alama ya penseli wiki mbili. Kupitia ukutani sikusikia randa wala wimbo. Niliingia siku moja nikamkuta amefumba macho, kidole kwenye mbao, midomo ikicheza. Shavu la kupimia halikuwapo tena. Aliparua kidogo tu, akapaka nta, akasema, "Twende kituoni. Nikiendelea nitaharibu."

Kituoni afande alitoa vyuma ghalani, na Fundi, aliyekataa chuma maisha yake yote, aliviunga na mbao pale kaunta kwa bisibisi huku akikunja uso kama anayeshika nyoka. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya watu wenye shida zao. Afande aliikagua bunduki pande zote, akafika kwenye kibonde, akabonyeza kwa dole gumba.

"Hapa upande wa kulia pamelika. Mbona mmeleta kitu kina kasoro? Nitaandika kasoro."

Nilimwona Fundi anavuta pumzi ya kugombana. Nikamtangulia.

"Si kasoro, afande. Baba yangu alikuwa mashoto. Hapo ndipo palikuwa pake."

Nilisema kwa sauti ya dukani. Foleni nzima ilisikia. Mzee mmoja alikohoa na kutazama chini, na mama mmoja akaguna. Afande alishika kalamu akitafuta pa kuandikia jambo kama hilo, akashindwa, akaandika tu kwamba imepokelewa kamili.

"Subiri kwanza," Fundi akamwambia. Akanigeukia. "Shika. Bega la kushoto. Laza shavu."

Nilishika. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nililaza shavu pale, machozi yakiwa tayari yananitoka bila ruhusa, nikasogeza uso juu, nikausogeza chini, nikajaribu tena.

"Imekukaa?" akauliza.

"Hapana, Fundi. Haijanikaa hata kidogo. Inanikataa kila mahali."

Alishusha pumzi ndefu, akaegemea kaunta ya polisi kwa viwiko viwili.

"Basi nimempata," akasema.